Yai Katika Bakuli la Daudi

Mwanangu Anaeli,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana asubuhi, na sasa hivi nakuona pale uwanjani unakunja nguo za mtoto na kuzipanga sandukuni. Uko karibu kiasi cha kukurushia punje ya mahindi, nami nakuandikia barua kana kwamba uko Ulaya. Mama yako amepita hapa akaniuliza, "Baba Anaeli, unamwandikia nani, bwana shauri?" Nimemwambia ndiyo, naomba cheo serikalini. Amecheka akaenda zake. Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Shule yangu unaijua: iliishia pale mwalimu aliponiambia kwamba akili yangu haitoshi darasani, nami nikaelewa kwamba darasa ndilo halitoshi, nikaondoka.

Isome kesho ndani ya basi, mkishapita kituo cha Usa, si kabla. Mama mkwe wako, aliyekuja kuwachukua, atakuwa ubavuni pako na Daudi magotini. Machozi yakija, sema ni vumbi. Barabara ile haikosi vumbi la kusingizia.

Mambo ya kila siku nayaacha. Namna ya kuwaamkia wakwe, nani apewe maji ya kunawa kwanza, kitenge kipi cha kanisani na kipi cha shambani, mama yako amekwambia yote tangu jana, na mengine amekwambia mara mbili akidhani ni mapya. Mimi nina jambo moja tu linaloninyima raha, nalo ni bakuli la mjukuu wangu.

Huko Machame kwa wakwe zako unakokwenda kuishi, mtoto akishaachishwa ziwa hulala kwa bibi yake mzaa baba, na anayelala naye ndiye anayemlisha. Wewe una mimba ya pili. Siku zitafika utajifungua, utawekwa ndani unenepeshwe kama desturi, na bakuli la Daudi litakuwa mikononi mwa mama Zefania, mama wa mumeo. Ni mama mwema, sina neno naye. Lakini hajala yai tangu azaliwe, wala hajapata kumpa mtoto yai. Na Daudi bila yai na maziwa, wewe na mimi tumeshaona anakuwaje. Hilo ndilo linalonifanya nikae hapa na kalamu wakati ng'ombe hajaletewa majani.

Baba yako ni mpishi, na hilo halihitaji shahidi. Si mpishi wa kuchemsha chai na kuungua vidole. Wakati wa vita nilikwenda na Keya, jeshi la Mwingereza, mpaka Abisinia, na kutoka huko mpaka Bama kwa Wajapani, nikawapikia makapteni mvua ikinyesha ndani ya sufuria, na kapteni mmoja alisema chakula changu ndicho kilichomfanya asikimbie. Wengine wanasema alikuwa na mguu mbovu. Niliporudi, nimepika hotelini pale mjini Arusha, nimepika kwa Mgiriki, na sasa miaka yote hii kwa huyu Bwana wa mashamba ya kahawa kule chini ya Tengeru. Naweza kuoka mkate ukasimama kama kofia ya askofu. Naweza kutengeneza pudini ya mayai na maziwa ambayo memsahibu anapoiona hufumba macho kama anayesali.

Lakini sisi watu wa mlimani unatujua. Mwanaume kushika mwiko nyumbani kwake ni kichekesho cha kijiji kizima. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipopanda kuja nyumbani, nilivua upishi wangu mlangoni kama mtu anavyovua kofia. Nilikaa kwenye kiti nikasubiri kuletewa. Mayai ya kuku wetu niliyafunga kwenye majani makavu ya mgomba, nikayabeba Jumatatu kuwapelekea watoto wa Bwana, nikayapiga kwa maziwa yao, na watoto wale wakala nusu na nusu wakampa mbwa. Sikuona ajabu yoyote. Mbwa yule alikuwa na manyoya yanayong'aa kweli kweli.

Ulipokuja kwetu kutoka kwa mumeo mwanzo wa masika, mimba ilikuwa inakutapisha, na Daudi ulishamwachisha ziwa siku ile ile ulipojijua. Sikulaumu. Ndivyo tulivyolelewa sote: maziwa ya mwenye mimba ni ya aliye tumboni, aliye nje akiyanyonya ataugua. Ng'ombe wetu naye alikuwa amefiwa na ndama kwa ugonjwa wa ndigana, na hawa ng'ombe wetu wa nundu, pasipo ndama wa kumlamba, hawaachii hata tone. Basi mama yako akampikia mjukuu wake mtori asubuhi, mchana na jioni. Mtori wa ndizi mshare, umepondwa ukalainika usiusikie ulimini, lakini mtupu, hauna nyama wala maziwa. Tumbo likajaa. Mtoto aliyejaa tumbo halii, nasi tukasema ametulia, amezoea nyumbani kwa babu.

Nami nikawa nakuja Jumamosi namkuta mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo, mikono imetuna kama ya mtoto wa memsahibu. Nilifurahi mwanangu! Unakumbuka nilivyomweka mabegani nikashuka naye mpaka sokoni Tengeru, wewe ukinifuata nyuma na kikapu unaona haya?

"Tazameni!" nikawaambia akina mama wa ndizi. "Huyu ndiye mjukuu wa mpishi. Mtoto wa Bwana akisimama kando ya huyu ataonekana fimbo ya kuchungia!"

Soko zima likacheka. Mama mmoja akamfinya shavu. Nuhu mchinjaji, rafiki yangu tangu jeshini, alikuwa anafuta kisu chake kwenye aproni. Akaniambia, "Lazaro, mbona hacheki?"

"Nani hacheki?"

"Mjukuu wako. Hapa tunacheka wote, hata yule mbuzi niliyemchinja, meno yapo nje. Yeye hacheki."

"Huyu ni mtu mzito," nikamwambia. "Huyu atakuwa jaji."

Watu wakacheka tena, na Nuhu akaendelea kufuta kisu. Mimi nikaondoka pale nikisema moyoni kwamba ana wivu, kwa kuwa wajukuu wake ni wembamba, wanarukaruka kama panzi. Walikuwa wazima, Anaeli. Walikuwa wanarukaruka. Nimeishi duniani, nimeona bahari na meli na watu wa rangi zote, na sikujua kwamba mtoto mzima ni yule anayekusumbua. Huko uendako watu watakusifia mashavu ya mtoto. Waache wasifu. Wewe subiri umwone akimwaga kitu, akimvuta kuku mkia, akicheka pasipo sababu. Asipokusumbua kutwa nzima, mvue nguo umwangalie miguu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa namwosha miguu pale nje. Kidole changu cha gumba kikamgandamiza juu ya wayo, nilipokiondoa shimo likabaki. Mimi ni mtu wa mkate. Unga uliokandwa ukaumuka vizuri, ukiubonyeza hurudi, usiporudi, umeshaharibika. Nikabonyeza tena kando, shimo la pili likakaa karibu na la kwanza. Nywele zake nazo nikaziona, zimekuwa nyekundu na laini kama za mahindi mabichi, nami nilikuwa nimewaambia watu ni uzuri. Nikanyamaza. Wewe ukatoka ndani mbio: "Baba, kuna nini? Mbona huongei?" Kumbe kunyamaza kwangu ndiyo kengele ya hatari katika nyumba hii.

Ya hospitali ya misheni unayajua, ulikuwepo. Lakini ulikuwa umemwinamia mtoto, na sijui kama uliuona uso wangu nesi aliposema, "Mzee, mtoto huyu hakunenepa. Ana njaa."

"Njaa?" nikamwambia. "Binti, huyu anakula mara tatu kwa siku. Mimi mwenyewe ni mpishi."

"Anakula ndizi mara tatu," akasema. "Mpeni maziwa, mayai, karanga, maharage. Mnayo mayai?"

Nilikuwa nayo mfukoni, Anaeli. Nilikuwa nimeyaleta nimpe daktari zawadi.

Walimlaza, uvimbe ukashuka, na tulipomwona bila ule uvimbe ndipo tulipojua kilichokuwa chini yake. Mifupa mitupu. Tukarudi naye nyumbani na maneno ya nesi, lakini mtoto mwenyewe hakutaka chakula. Hilo ndilo lililonivunja. Maziwa ya kuomba kwa jirani anageuza uso. Maharage anatema. Yai la kuchemsha tulilompa bila mama yako kujua, anaufumba mdomo na kutuangalia kama mzee aliyechoka na wageni. Na wewe ulikuwa umekaa pale ukutani umeshika kijiko, hulii, husemi. Nilikuangalia nikaona kwamba umeanza kumuaga mtoto wako moyoni kabla hajaondoka.

Ndipo nikaingia jikoni kwa mama yako.

Najua ulisikia kelele, lakini ya jikoni hukuyaona, basi nikusimulie. Nilichukua ndizi kisukari zilizoiva mpaka ganda likapata madoa, nikachukua yai, nikachukua maziwa ya jirani. Mama yako akasimama mlangoni kama askari wa zamu.

"Toka jikoni kwangu."

"Leo naingia."

"Na hilo yai la nani?"

"La Daudi."

"Mtoto akila yai huchelewa kusema, na akishasema huwa mwizi. Hukufundishwa na mama yako?"

Mimi, mtu wa Abisinia na Bama, nikaona nimempata. Nikamwambia, "Mama Anaeli, watoto wa Bwana wanakula mayai kila siku ya Mungu, mbona si wezi?"

Akanitazama. "Na lile shamba unalowapikia, kabla yao lilikuwa la nani?"

 

Basi nikafanya lile ninalofanya nikikosa jibu, nikajisifu. "Kaa kando," nikamwambia, "umwone fundi." Nikaponda, nikapiga yai, nikabandika, nikasukuma kuni. Lakini mafiga si jiko la chuma la memsahibu, lenye mlango wa kufungua na kufunga. Moto ukapanda ukalamba sufuria mpaka shingoni, yai likakatika, mabonge huku na maji kule, moshi umeingia humo humo. Nikampelekea Daudi. Alitia ulimi akatema kwenye shati langu jeupe la kazi.

"Hicho ndicho wanachokula Wazungu?" mama yako akasema. "Maskini. Kumbe ni wa kuhurumiwa."

Nilitaka kupiga kelele.  Kisha nikakuona kupitia upenyo wa ukuta, bado umeshika kijiko. Nikakaa kwenye kigoda cha mama yako, nikasema, "Mama Anaeli, moto wako siujui. Nisaidie."

"Sema tena."

"Moto wako siujui."

"Sema na jirani asikie."

Nikasema na jirani akasikia, na akaniitikia, mjinga yule. Mama yako akaingia. Akavuta gogo nje, akabakiza makaa, akatandaza majivu juu yake kama anayemfunika mtoto shuka. Akaweka chungu kikubwa chenye maji kidogo, na ndani yake sufuria ndogo. Halafu akaniambia, "Sikiliza. Yai ni lako, moto ni wangu. Akiwa mwizi, jina la ukoo ni lako."

Hapo ndipo ile pudini ilipozaliwa, nami nakuandikia namna yake kama tulivyoifanya wawili, maana peke yangu sikuiweza. Ndizi ziwe kisukari na ziwe zimeiva kweli, za kukaribia kutupwa. Utamu wote uko pale, sukari usitie. Ponda mpaka zisiwe na nyuzi. Karanga kaanga kidogo, pukuta maganda, twanga kwenye kinu mpaka zitoe mafuta na kushikamana. Maziwa yachemke kisha yapoe mpaka kidole kivumilie, kwa sababu yai likikutana na maziwa ya moto huogopa, hujikunja, na likishajikunja halikunjuki. Yai lipige kwa kipekecho polepole, usitafute povu, si sabuni. Changanya vyote, mimina kwenye sufuria ndogo, funika kwa jani la mgomba ulilolibabua motoni, uiingize sufuria kwenye chungu cha maji. Kisha ufanye kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kukaa. Maji yatikisike tu, yasiruke. Itakuwa tayari ukiisukuma sufuria kidogo, pudini ikatetema katikati kama tumbo la mzee wa kanisa anayezuia kicheko. Iache ipoe. Papai likiwepo, katia juu vipande vidogo. Ndizi zikikosekana, papai peke yake, lakini punguza maziwa, maana papai lina maji yake.

Hakula kwa kijiko. Unakumbuka alivyokula: mama yako alichovya kidole, akamwacha Daudi akishike kidole mwenyewe, akakitazama, akakilamba. Akakaa. Tukakaa. Halafu akakivuta kile kidole tena, kwa nguvu, kama anavuta kamba ya mbuzi. Wewe ukaweka kijiko chini ukatoka nje, na sote tulisikia ulichotoka kukifanya, hakuna aliyekufuata.

Sasa nije kwenye la leo, ambalo ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Asubuhi ulinifuata kule zizini ukaniambia, "Baba, nakuomba. Pudini utakayompa mama mkwe mchana, usimwambie ina yai. Zefania yuko kazini Moshi, harudi mpaka mwisho wa mwezi, sina wa kunisemea kule. Nitampa Daudi kimya kimya." Nikakwambia mdomo wangu nimeufunga kufuli. Ukanishukuru. Ulinishukuru kwa macho yenye hofu, na ile hofu sikuipenda. Nikawaza asubuhi yote. Utayaficha wapi mayai katika nyumba ya mwenzio? Maganda utayazika? Na utakapokuwa umelala na mtoto mchanga, ni nani atakayeficha kwa niaba yako? Tena Daudi mwenyewe ameanza kusema. Neno la kwanza lilikuwa "bibi." La pili ni "yai," nalo analisema kwa sauti ya tarumbeta.

Mama Zefania alikula mchana, akakwangua bakuli. "Mkwe," akaniambia, "hiki kilaini ni nini? Meno yangu yamepata sikukuu." Wewe ukanitazama, nami nikasema ni ndizi za mlima wetu, ninyi huko hamna kama hizi. Nikajisifu kidogo, ukatulia.

Halafu wewe na mama yako mkaenda kuwaaga akina mama wa kanisani, mkaniacha mimi, yeye, na Daudi aliyelala kwenye mkeka. Nikamwambia. Anaeli, nimemwambia. Kasirika hapo ulipo, una haki. Kufuli nililifungua mwenyewe.

Nilisema, "Mkwe, ndani ya kile chakula mlikuwa na yai."

Aliweka kikombe cha chai chini. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, nikasikia maji, nikasikia anasukutua mdomo, muda mrefu. Akarudi asikae.

"Umenikosea," akasema.

"Nimekukosea."

"Mtu mzima halishwi kama panya anavyowekewa mtego."

"Ni kweli."

"Ungenyamaza nisingejua mpaka kufa. Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu mtoto atalala kwako," nikamwambia. "Nikinyamaza, binti yangu atakuwa mwizi katika nyumba yako, anaiba ili mtoto wake apate chakula chake mwenyewe. Nimeona bora ukasirike hapa kwangu, unikasirikie mimi. Mimi nimezoea kukasirikiwa, nina mke."

Hakucheka. Nikamweleza yote: mtori mtupu, mashavu, sokoni, shimo la kidole, nesi, mpaka sufuria ndogo ndani ya chungu cha maji. Sikujisifu hata mahali pamoja, nilijishangaa. Nilipomaliza, alipiga magoti kwenye mkeka, akaushika mguu wa Daudi, akaubonyeza kwa kidole gumba. Akakiondoa kidole. Nyama ikarudi. Akabonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo zamani alikuwa na ndugu ndani yake.

"Kabla ya Zefania nilikuwa na watoto wanene wawili," akasema. "Watu walikuja kunipongeza."

Basi. Hakusema walikwenda wapi, nami sikuuliza.  Tulikaa mpaka kengele ya kanisa ikalia, na kuku wakaja wakala makombo miguuni petu. Halafu akasema, hanitazami mimi, anatazama mtoto: "Yale maji ya chini. Yanachemka, au hayachemki?"

"Yanatikisika tu."

"Sijasema nitapika."

"Sijasikia ukisema."

Ndivyo ilivyokuwa, sikuongeza wala sikupunguza. Moyo wangu haujatulia, sikufichi. Mtu aweza kuuliza habari za maji kisha akarudi kwao, akakuta wifi na majirani na mila zimekaa mlangoni zinamsubiri, akaona bora amani ya nyumba. Nami siwezi kufika kila Jumamosi Machame kubonyeza mguu. Ninachokuomba ni hiki. Usimfundishe. Ukimwona ameshika kipekecho, wewe kaa uchambue karanga, uliza habari za mashamba, usimwangalie mikono. Mimi nilimfundisha mama yako kwa kelele nikapata shati chafu. Siku zikipita asipoinuka, basi pika wewe, lakini upike mbele yake, mchana, na mlango wazi, na yai ulivunje akiona. Na kama atakataa kabisa, kama bakuli la Daudi litarudi kuwa ndizi tupu, usivumilie kwa ajili ya heshima yangu. Heshima yangu si kubwa kiasi hicho, nimeivimbisha tu kwa maneno. Niletee habari kwa yeyote anayekuja Arusha, nami nitakuja kuwachukua mchana kweupe, mbele ya ukoo wao wote. Nitasema mengi siku hiyo, na hakuna litakalokuwa mzaha.

Jua limeshika bega la mlima, karatasi imekwisha. Umeingia ndani na sanduku lako. Kutoka jikoni nasikia sauti mbili, ya mama yako na ya mama Zefania. Mama yako amesema, "Vuta hilo gogo, litatoa moshi." Huenda wanachemsha chai tu. Daudi ameamka, amenijia hapa na kukamata kalamu, ndiyo maana mstari huu umepinda. Mguu unataka kunipeleka mlangoni nichungulie. Nimemkalisha mtoto juu ya mguu huo, na hapa sitoki mpaka watuite.

Baba yako,
Lazaro